Pete ya Jua na Kikuku cha Mama

Siku jua lilipopatwa kipete, nusu ya mji wa Newala ililitazama kupitia mbavu za wagonjwa. Sitanii. Mfanyabiashara mmoja wa stendi alikuwa ameokota, katika stoo ya hospitali ambayo sitaitaja, rundo la picha za eksirei zilizotupwa. Alizikatakata kwa mkasi akazitandaza juu ya meza na kuanza kuita watu: miwani ya kupatwa, miwani ya kupatwa. Nilishika kipande kimoja. Kilikuwa na mbavu tatu, ukungu mweupe ambao nadhani ulikuwa moyo, na pembeni herufi za jina la mtu zilizokatwa katikati. Kilinata vidoleni. Nilikirudisha mezani, nikaenda kwenye mgahawa wa jirani kuomba maji ya kunawa, na yule mama wa mgahawa alinitazama vibaya, maana kwetu uwandani maji ni ya shida, hayaombwi hivihivi tu.

Mimi ni mtu wa kinyaa, nakiri mapema. Nikiwa mdogo, nyumbani Kitangari, nilikuwa sili ugali ulioshikwa na mkono nisioujua, na mama alikuwa akinitania kwamba mume wangu itabidi anawe mpaka viwiko. Ukubwani kinyaa changu kilihama kutoka kwenye vyakula kikaenda kwa watu. Nilifundisha fizikia Masasi, kisha nikahamishiwa Newala, miaka yote ile soko huria lilipoingia na kukaa kama mgeni asiyeaga. Nisieleweke vibaya, sikuililia foleni ya sukari. Lakini niliona kila kitu kikipata bei, hata visivyokuwa na bei. Salfa ya kupulizia mikorosho iliuzwa ikiwa imechanganywa na unga wa muhogo. Mitihani iliuzwa kabla haijafanywa. Na mwisho wa yote nikaona vifua vya watu vikiuzwa mezani.

Shuleni kwetu tulikuwa na maabara yenye meza ndefu nne na hakuna kifaa hata kimoja. Vipimo nilivifundisha kwa chaki. Nilichora mizani ubaoni, nikachora saa ya kuhesabia, nikaandika majibu waliyopata watu wengine katika nchi nyingine, na wanafunzi wakayanakili. Ilinitia kinyaa, kusema kweli. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mwalimu wa kupima, na sikuwahi kupima kitu chochote ambacho hakikuwa kimeshapimwa.

Ndiyo sababu, miezi michache kabla ya siku ile, mhadhiri mmoja wa Dar es Salaam aliponipigia simu kuuliza kama ningemsaidia kulipima jua, nilikaa chini kwenye ngazi za ofisi nikamwambia aseme tena polepole.

Alieleza vizuri. Siku hiyo mwezi ungekuwa mbali kidogo, hivyo usingeweza kulifunika jua lote. Ungekaa katikati yake na kuacha pete nyembamba ya moto kandokando. Aliyesimama ndani ya njia ya kivuli angeiona pete imefunga mzunguko mzima. Aliyesimama nje ya njia angeiona imekatika upande mmoja. Baina ya hao wawili kuna mpaka, na mpaka huo, kwa upande wa kaskazini, ulipita mahali fulani katika uwanda wetu, baina ya Newala mjini na Kitangari au mbele kidogo. Mwezi wameshaupima hadi vilima vyake. Kisichokubaliwa sawasawa ni ukubwa wa jua. Kuna wanaosema linakonda na wanaosema halijabadilika. Kama ni kubwa kidogo kuliko linavyoandikwa vitabuni, mpaka unasogea mbali na katikati ya njia. Kama ni dogo, unarudi karibu. Wenzake wangekaa ng'ambo ya Ruvuma kushika mpaka wa kusini. Wa kaskazini ungekuwa wangu.

"Sihitaji darubini kutoka kwako, Madam," aliniambia. "Nahitaji mtu mmoja wa kuniambia ndiyo, imefunga, na mtu mmoja wa kuniambia hapana, haikufunga, na umbali wa kutoka kwa huyu mpaka kwa yule. Basi."

Nikamwuliza kwa hesabu zake watu wa Kitangari wangeona nini.

"Sikwambii," alisema. "Nikikwambia, utaona nilichokwambia."

Niliudhika. Nilijiona nimefanywa mwanafunzi. Leo najua yule bwana alikuwa amenielewa kuliko nilivyojielewa.

Nilipanga vituo sita kando ya barabara, cha kwanza shuleni kwangu na cha mwisho Kitangari. Kila kituo nilikipa mtu mzima mwenye saa na akili, na fomu niliyoichapa mwenyewe, yenye maswali mawili tu: Je, pete ilifunga? Kama ilifunga, ilikaa sekunde ngapi? Niliwatembelea wote. Nilirudia mpaka mate yakanikauka kwamba hapana ni jibu zuri kama ndiyo, kwamba hapana ndiyo tunayoitafuta. Waliitikia kwa vichwa. Kitu kimoja cha kweli kutoka kwetu, ndicho nilichokitaka. Nilikitaka mpaka nikawa nalala nikikiota, nikiwa na umri ule.

Mhadhiri alituma kwa basi katoni ya miwani halisi, ya karatasi ngumu yenye vioo vyeusi. Ilifika Masasi, na kutoka Masasi ikapitia mikononi mwa ofisa mmoja aliyepewa kazi ya kusimamia sherehe za siku hiyo, maana kupatwa kulikuwa kumeshageuzwa sherehe. Mtu huyu alikuwa na tabia moja ambayo siwezi kuisahau. Alikuwa akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, anaitazama ncha yake, halafu anairudisha ndani ya kiberiti. Sijui mke wake aliwasha jiko kwa ujasiri gani. Katoni iliponifikia ilikuwa na miwani mitatu. Nilipomwuliza mingine iko wapi, alisema wageni rasmi nao wana macho, Madam.

Na bado hakuridhika na hilo. Alipitisha gari la matangazo, spika mbili juu ya paa, kutoka mjini hadi vijiji vya Mnyambe na kurudi: wilaya yetu imebarikiwa, wilaya yetu nzima itaiona pete, njooni na watoto, kutakuwa na muziki na soda baridi. Nilimfuata ofisini kwake nikamwambia kwamba si wilaya nzima, kwamba kuna mahali pete haitafunga na hapo ndipo penye kazi yetu.

Akanitolea meno. "Sasa Madam, niwaambie wageni waje kuangalia pete iliyokatika?"

Zikiwa zimebaki siku mbili, mtu wangu wa Kitangari, mwenye duka la vifaa vya baiskeli, alinitumia ujumbe kwamba amepata dharura. Dharura yenyewe niliiona kwa macho yangu nilipofika: alikuwa amefungua meza ya vipande vya eksirei mbele ya duka lake. Nilimsalimia, naye alinisalimia bila haya yoyote. Nikaendelea na safari yangu hadi kwa mama.

Alikuwa anafagia chini ya mikorosho. Kwetu, kabla korosho hazijaanza kuanguka kwa wingi, kila mwenye shamba hufagia chini ya miti yake mpaka ardhi inakuwa safi kama sakafu, ili korosho ikidondoka ionekane. Mama alikuwa na miaka yake sabini na ushei, jicho moja lilikuwa limeanza kuingia ukungu, na bado alikuwa anafagia mwenyewe kwa sababu, alisema, watoto wa siku hizi wanafagia kama wanafukuza nzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umenuna? Nani tena kakuchafua roho?"

Nilimweleza yote, la mwenye duka na la ofisa na kiberiti chake. Kisha nikamwambia kwamba nahitaji mtu wa kutazama jua keshokutwa, saa sita na robo mchana, na kwamba nina miwani miwili tu iliyosalia na imeshapata watu. Nikasema, kwa aibu, kwamba labda ningemtafutia kipande cha eksirei.

Aliuacha ufagio. "Mimi? Nitazame mchana wa Mungu kwa mbavu za marehemu? Na kama ni baba yako?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Baba alikufa kwa kifua, na alipigwa picha hizo mara mbili.

"Halafu kwa nini nitazame juu?" mama aliendelea. "Jua likipatwa linaanguka hapa chini. Nilikuwa nimekubeba mgongoni lilipopatwa mara moja, nikaona vipande vyake vimejaa chini ya mkorosho, kama kucha zilizokatwa."

Nilisimama pale nikaona haya, mimi mwalimu wa fizikia. Ni kweli kabisa. Kila upenyo mdogo kati ya majani ni tundu, na kila tundu hulileta jua chini kwa umbo lake. Ndivyo nilivyofundisha kwa chaki miaka yote, mshumaa na kisanduku chenye tundu, bila kisanduku na bila mshumaa. Na hapa mbele yangu palikuwa na mkorosho mrefu na ardhi iliyofagiwa mpaka ikang'aa. Hakuna maabara nchini iliyokuwa na sakafu ile.

Nilimwonyesha. Pembeni, ambako majani yalikuwa machache, duara za mwanga zilikuwa zimetawanyika, kila moja na upana wa kikombe cha chai. Nikamwambia achague moja iliyo peke yake. Saa ikifika, aweke alama palepale kwenye mwanga, kama ulivyo. Mduara ukifunga aweke, usipofunga aweke.

"Nitaweka mbaazi," alisema. "Nitakuwa nachagua mbaazi."

Ndivyo kituo cha sita kilivyopata mtu wake.

Siku yenyewe sitaki kuisimulia sana. Uwanja wa shule ulijaa mahema. Muziki ulipigwa mpaka mabati ya darasa yakawa yanalia. Watu walipokezana vipande vya eksirei vilivyoloa jasho, wakivifuta kwa mate na kuvibandika tena machoni, na nilikuwa nakwenda huku na huku kuwanyang'anya, na kila nikigeuka vipande vimerudi. Mwanga ulipungua polepole, ukawa kama wa tochi inayoishiwa betri. Kisha nikavaa miwani yangu, nikatazama, na pete ikafunga.

Sitakuficha, nililia. Ilikuwa nyembamba sana, upande mmoja uzi mtupu. Nilihesabu mpaka kumi na moja, kisha uzi ukakatika. Niliandika kumi na moja kwenye fomu yangu. Nilijua maana yake, kwamba tulikuwa ndani ya njia lakini mpaka hauko mbali, na kwamba mahali fulani kwenye barabara ile mtu mmoja alikuwa ameona hapana.

Ofisa alinipa nafasi kwenye gari lake kwenda kukusanya fomu, si kwa wema, ila alitaka kupiga picha za taarifa yake. Tulikuwa watatu, yeye, mimi na dereva.

Kituo cha pili: ndiyo, sekunde thelathini. Nilishangaa, nikaikunja fomu. Kituo cha tatu: ndiyo, sekunde thelathini, na fomu ilikuwa na doa la mafuta ya maandazi lililopenya mpaka upande wa pili. Mwalimu mkuu msaidizi niliyempa kituo kile alinieleza kwa fahari kwamba aliijaza asubuhi wakati wa chai, asije akachelewa. Kituo cha nne niliambiwa, "Madam, mimi niliona ubavu tu, lakini wenzangu walipiga kelele, nikajua imefunga." Miwani halisi niliyompa alikuwa amemwazima shemeji yake. Nikamwuliza kwa nini basi hakuandika kwamba hakuona. Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, "Sasa nikiandika hapana, si nitaonekana sikuhudhuria?"

Kituo cha tano hakukuwa na mtu. Fomu ilikuwa imeachwa chini ya jiwe. Ndiyo. Thelathini. Thelathini hiyo niligundua baadaye ilitoka kwenye spika za gari la matangazo.

Siwezi kueleza jinsi roho ilivyonichafuka. Nilizishika fomu zile kwa ncha za vidole. Niliwachukia wote, na ndiyo yao ya bure, ya kumpendeza mkubwa, ya kuogopa kufeli mtihani ambao haukuwa mtihani. Nilikaa kiti cha nyuma nikitunga maneno ya kumwambia mhadhiri, na kila nilivyoyatunga ndivyo nilivyojiona msafi.

Katika hali hiyo nikafika kwa mama.

Alikuwa ameketi mkekani chini ya mkorosho, ungo mapajani. Alitupokea, akamkaribisha ofisa kiti, akataka kwenda kuchemsha chai, nikamwambia hapana, tuna haraka. Ofisa alikuwa anachokonoa meno.

"Uliona, mama?" nikauliza.

"Niliona." Akanionyesha kwa kidole. Pale pembeni, juu ya udongo safi, zilipangwa mbaazi. Alizipanga vizuri, moja baada ya nyingine, kwa umbo la mviringo. Upande mmoja palikuwa na pengo.

"Kilikuwa kikuku, mwanangu," alisema. "Kikuku kabisa."

Ofisa aliangua kicheko. "Eeh! Bibi naye anavijua vikuku!" Dereva naye akacheka, akageuza uso kwa adabu.

Lazima nieleze. Mjini siku hizi kikuku ni kicheni cha mguuni, kinauzwa sokoni pamoja na hereni za plastiki, na mwanamke anayekivaa husemwa maneno. Damu ilinipanda usoni. Mama yangu, mjane, mtu wa swala tano, anachekwa na mtu wa kiberiti kwenye kiwanja chake mwenyewe. Nilitaka jambo lile liishe upesi. Kikuku, pete, vyote ni mviringo, nilijiambia. Jicho lake lina ukungu. Mbaazi zilimwishia mkononi, au kuku wamedonoa. Nikainama, nikachota mbaazi kutoka kwenye fungu dogo lililokuwa kando ya mkeka, nikaziba pengo. Nilisimama, nikatoa simu nikapiga picha. Mviringo ulikuwa mzuri.

"Amesema pete," nilimwambia ofisa.

Mama alinitazama. Kisha akarudi kwenye ungo wake. Ndani ya gari niliandika kwenye fomu ya kituo cha sita: ndiyo. Kwenye sekunde, kwa kuwa sikuwa nimemwuliza, niliandika: chache.

Mhadhiri alinipigia baada ya wiki kadhaa. Alikuwa mpole, na upole wake ulinichoma. Alisema kumi na moja yangu ni nzuri. Thelathini zote amezitupa, hakuna pete inayokaa sekunde zilezile toka Newala mpaka karibu na Kitangari. Nilimwambia kwa sauti kubwa kwamba hata mimi nilijua, kwamba nilikuwa nimeona karaha ile kwa macho yangu, na nikamsimulia habari ya maandazi. Alicheka kidogo.

"Lakini hiki kituo cha mwisho kinanisumbua," alisema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeijaza fomu yake. Chache ni ngapi, Madam?"

Nikasema mama yangu hana saa.

"Sawa. Ila wenzangu ng'ambo ya mto wameupata mpaka wao. Kama Kitangari nako pete ilifunga, basi mpaka wetu sijui uko wapi, umepotelea huko kaskazini. Ningekuwa na hapana moja tu. Hata ya kituo kimoja."

Nilimwambia pole. Nilimwambia ndivyo watu wetu walivyo.

Nilikwenda Kitangari katikati ya msimu, korosho zikiwa zinaanguka. Nilimkuta mama anaokota, nikavua viatu nikaokota naye. Jioni tulipokaa, nikamsimulia kwamba kazi ile haikufanikiwa, kwamba watu sita walikosa hata mmoja wa kusema haikufunga.

Mama aliinuka, akakung'uta kanga yake. Kisha akaingia ndani. Nilimsikia akifungua sanduku lake. Akarudi na kitu amekifunga kwenye kipande cha kanga, akanipa.

Kilikuwa kikuku cha shaba, kizito, cheusi kwa ukale. Alisema kilikuwa cha mama yake, na yeye alikivaa alipokuwa mwali. Nilikigeuza. Hakikuwa cheni, na hakikuwa mviringo mzima. Kilikuwa na mdomo. Zilikuwa ncha mbili zenye vifundo, na kati yake nafasi ya kupitishia mguu, ambayo fundi huibana kidogo na haifungi kamwe.

"Nilikwambia kilikuwa kikuku," alisema. "Pete naijua. Ningeona pete ningesema pete."

Mkono wangu ulikwenda kwenye simu wenyewe. Nikaitafuta picha ile nikaikuza. Siku ile niliona mviringo tu. Sasa niliona mbaazi mojamoja. Kumi na nane zilikuwa nzima, kavu, zilizochaguliwa na mkono unaojua kazi yake, na zilipinda kufuata mwanga bila kuyumba. Saba zilizofuata zilikuwa na matundu.

Niliipeleka picha kwa mhadhiri usiku uleule, na maelezo marefu, ipi ni ipi, na aibu yangu yote. Alinijibu asubuhi kwamba anashukuru sana, anaamini kila neno, na kwamba hawezi kuitumia. Alama iliyoguswa na mtu mwenye haja na jibu si alama tena. Ni sheria nzuri. Nimewahi kuiandika ubaoni.

Tangu hapo kinyaa changu kwa watu kimepungua, si kwa kuwa wamekuwa wasafi. Nikimwona mtu anauza uongo mezani najikuta natazama vidole vyangu.

Lakini jioni ile, kabla ya kumwandikia mhadhiri chochote, nilimwuliza mama kwa nini hakusema. Alikuwapo. Aliniona nikiinama. Angenikataza, hata mbele ya ofisa, mimi ni mwanawe.

Alikuwa anakifunga kikuku chake kwenye kitambaa.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema. "Nilidhani ndivyo inavyopimwa. Nilijiuliza kimoja tu, mbona mwanangu anaweka zile zilizobunguliwa, nilizozitenga za kuku."